Umeshinda pingamizi la zabuni ya ndege Marekani: namna ya kudai gharama zako

Tarehe 18 Juni 2008, Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani, GAO, ilikubali pingamizi la Boeing dhidi ya mkataba wa ndege za kujaza mafuta angani. Jeshi la Anga lilikuwa limeutoa mkataba huo mwezi Februari kwa Northrop Grumman na mshirika wake EADS: ndege hadi 179, kwa takriban dola bilioni 35. Vyombo vya habari vilijaa makosa saba ambayo GAO iliyakuta kwenye tathmini. Karibu na mwisho wa uamuzi, hata hivyo, palikuwa na pendekezo ambalo wengi walilipita bila kulitazama: Jeshi la Anga liilipe Boeing gharama za kufungua na kuendesha pingamizi, zikiwemo ada za mawakili zisizopita kiasi.

Mwongozo huu unahusu pendekezo la aina hiyo tu. Ushindi wenyewe hauleti hundi. Mshindi ndiye anayepeleka dai, tena kwa ofisi ileile aliyoishinda, na akichelewa au akipeleka dai la juujuu anaweza kukosa kila kitu. Njia iliyoelezwa hapa ni ya GAO. Anayeshtaki katika Mahakama ya Madai ya Serikali Kuu anatumia sheria nyingine, ambayo kwa ada za mawakili huwatupa nje wakubwa: kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 500 au mali halisi ya zaidi ya dola milioni 7 haifiki popote.

Hatua ya 1: Soma pendekezo neno kwa neno

GAO haiamuru, inapendekeza. Msomaji wa Kenya aliyezoea kifungu cha 173 cha sheria ya ununuzi ya mwaka 2015, ambacho kinaipa Bodi ya Mapitio nguvu ya kuamuru gharama, aiweke tofauti hiyo akilini. Hata hivyo pendekezo si maneno matupu. Sheria ya Marekani inaitaka wizara au idara husika ilipe bila kukawia, la sivyo ieleze GAO kwa nini hailipi. Kwa kawaida hulipa. Ugomvi huwa ni juu ya kiasi.

Tafuta mambo mawili katika aya ya mapendekezo.

Kwanza, umepewa gharama za pingamizi peke yake, au pia gharama za kuandaa zabuni? Hizi ni fedha mbili tofauti. Gharama za zabuni, yaani saa za wahandisi waliochora, kupima na kuandika ofa, kwa zabuni ya ndege huweza kuzidi mara nyingi gharama za pingamizi. Lakini GAO huzipendekeza hasa pale ambapo hakuna dawa nyingine iliyobaki, kwa mfano mkataba umeshatekelezwa kiasi ambacho hauwezi kurudishwa nyuma. Boeing haikupewa, na sababu iko wazi: Jeshi la Anga lilitakiwa kufungua upya majadiliano na kupokea ofa zilizorekebishwa, kwa hiyo ofa ya Boeing ilikuwa bado na kazi. Ukizichomeka gharama za zabuni katika dai ambalo pendekezo halikuzitaja, zitakatwa, na afisa ununuzi ataanza kuyatilia shaka na mengine.

Pili, je, kuna pendekezo kabisa? Pingamizi nyingi hazifiki kwenye uamuzi. Ofisi inayonunua inaona mambo yameharibika, inatangaza hatua za kurekebisha, na GAO inafunga jalada. Hapo hujapewa chochote bado. Unazo siku 15 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba jalada limefungwa, na ndani ya siku hizo unaiomba GAO ipendekeze ulipwe. Utatakiwa kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba pingamizi lako lilikuwa na haki iliyo dhahiri, na kwamba ofisi ilichelewa kujirekebisha pasipo sababu. Kipimo cha kuchelewa ni ripoti ya ofisi, yaani majibu yake rasmi kwa pingamizi, ambayo inatakiwa ndani ya siku 30 tangu GAO iijulishe ofisi kuhusu pingamizi. Ofisi ikijirekebisha kabla ya tarehe ya ripoti, kwa kawaida hupati kitu. Ikikuacha uisome ripoti yote na uandike majibu yako ndipo inyooshe mikono, una hoja. Na kama wakili wa GAO alikwisha kuwaita pande zote akatabiri kwamba ofisi itashindwa, utabiri huo unaubeba upande wa kwanza wa hoja yako karibu wote.

Hatua ya 2: Hesabu siku 60, kisha usizitumie zote

Tangu upokee pendekezo la kulipwa gharama, una siku 60 za kupeleka dai kamili kwa ofisi iliyonunua. Ni siku za kalenda. Siku ya kupokea haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali kuu, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Tuchukue tarehe ya kesi ya Boeing, tuseme uamuzi ulipokelewa siku uliyotolewa, Jumatano tarehe 18 Juni 2008. Hesabu inaanza tarehe 19. Siku ya 60 ni tarehe 17 Agosti, ambayo ilikuwa Jumapili. Mwisho ni Jumatatu tarehe 18 Agosti.

Makosa matatu hurudiwa hapa. La kwanza ni kupeleka dai GAO; katika hatua hii mahali pake ni kwa afisa ununuzi, na barua iliyoenda kwingine haisimamishi saa. La pili ni kuhesabu tarehe ya kutuma wakati kinachotazamwa ni kufika, kwa hiyo omba uthibitisho wa kupokelewa kwa maandishi siku hiyohiyo. La tatu ndilo baya zaidi: kupeleka barua ya ukurasa mmoja yenye jumla kuu, kwa matumaini kwamba vielelezo vitafuata mazungumzo yakianza. GAO imekataa madai ya namna hiyo mara kadhaa. Muda wa siku 60 uliwekwa ili madai yasiletwe kipande kipande. Gharama ambayo haikuonekana ndani ya dai kabla ya muda kwisha huhesabiwa imepotea, hata kama ni halali na hata kama risiti ipo mezani.

Jiwekee siku ya 40 kuwa siku ya kupeleka. Siku 20 zinazobaki ni za kuziba matundu yatakayoonekana.

Hatua ya 3: Chambua kinacholipwa na kisicholipwa

Kipimo ni kimoja: je, gharama hii ilitumika kufungua na kuendesha pingamizi hili mbele ya GAO? Ada ya kufungua jalada kwenye mfumo wa GAO wa mtandaoni imo. Saa za mawakili kuandika pingamizi, kusoma ripoti, kujibu, na kuhudhuria kikao cha kusikiliza mashahidi kama kilifanyika (kesi ya ndege za mafuta ilikuwa nacho) zimo. Wataalamu wamo: katika kesi za ndege huwezi kukosa mtu wa kupima hesabu za gharama za maisha yote ya ndege, au mhandisi wa kueleza mwendo ambao ndege inayojaza na inayojazwa zinatakiwa kushika. Nauli, malazi, kurudufu nyaraka, utafiti wa kisheria na gharama za kutunza nyaraka chini ya amri ya kulinda siri, vyote vinadaiwa mradi kuna ushahidi.

Nje ya mlango kuna orodha ndefu kidogo. Pingamizi ulilopeleka kwanza kwa ofisi yenyewe kabla ya kwenda GAO halilipwi. Kazi ya kuzungumza na magazeti au kuwatembelea wabunge hailipwi, na katika mikataba mikubwa ya ndege kazi hiyo huwa nyingi kweli: wakili yuleyule asubuhi anaandika hoja, mchana anapitia taarifa kwa vyombo vya habari, na ankara yake inaweka vyote mstari mmoja. Saa za kufuatilia namna ofisi inavyotekeleza uamuzi baada ya kutolewa hazilipwi. Riba hailipwi. Faida hailipwi. Na aliyeingia kesini kuulinda mkataba wake, kama Northrop mwaka 2008, hana dai lolote kwa njia hii.

Neno faida linahitaji kusimamiwa kidogo, maana huwatega wenye kampuni. Saa za wafanyakazi wako mwenyewe unaruhusiwa kuzidai, lakini kwa mshahara halisi, pamoja na marupurupu na sehemu inayostahili ya gharama za uendeshaji. Tuseme mhandisi wako anakugharimu dola 80 kwa saa ukijumlisha hayo yote, na wewe huwatoza wateja dola 190 kwa saa yake. Unadai 80. Ukiweka 190 umeweka faida ndani, na hiyo ni njia nyepesi ya kumpa mkaguzi sababu ya kurudisha jedwali zima.

Hatua ya 4: Panga viwango vya mawakili

Hapa ndipo kampuni kubwa na ndogo zinapoachana njia.

Tangu mageuzi ya sheria ya ununuzi ya mwaka 1994, ada ya wakili inayorudishwa ina kikomo cha dola 150 kwa saa. Kikomo hakiihusu biashara ndogo kwa maana ya sheria ya biashara ndogo. Usidhani ndogo maana yake ni duka la mtu mmoja: mtengenezaji wa ndege anahesabiwa mdogo akiwa na wafanyakazi wasiozidi 1,500, ila wa kampuni zake dada wanahesabiwa pia. Kama uliomba zabuni ukiwa biashara ndogo, ambatisha uthibitisho. Bado utatakiwa kuonyesha kwamba viwango vyako ni vya kawaida kwa mawakili wa kazi hii katika soko hilo.

Kama wewe ni mkubwa, usikubali dola 150 kwa unyonge. Sheria inaruhusu kiwango cha juu zaidi ikiwa gharama za maisha zimepanda au kuna sababu maalumu, na GAO imekubali kwa miaka mingi marekebisho yanayofuata fahirisi ya bei za mlaji inayotolewa na Wizara ya Kazi. Ila marekebisho hayaji bila kuombwa. Weka hesabu ndani ya dai: 150, zidisha kwa fahirisi ya wakati kazi ilipofanyika, gawanya kwa fahirisi ya wakati kikomo kilipoanza kutumika katikati ya miaka ya 1990. Ambatisha jedwali la serikali ulikozitoa namba hizo.

Tazama uzito wake. Wakili ametoza saa 200 kwa dola 600, jumla 120,000. Kwa kikomo kitupu unarudishiwa 30,000. Bei zikiwa zimepanda mara mbili, ambako ndiko ziliko kwa takriban, kiwango kinakuwa 300 na unarudishiwa 60,000. Aya moja na jedwali moja vimeleta dola 30,000. Nusu nyingine ya ankara imekwenda, na hiyo mweleze mkurugenzi wako wa fedha kabla ya kufungua pingamizi.

Wataalamu nao wana kikomo chao: kwa asiye biashara ndogo, ada haiwezi kuzidi kiwango cha juu ambacho serikali kuu huwalipa wataalamu wake. Ni kidogo kuliko mtaalamu wa usafiri wa anga anavyotoza sokoni.

Hatua ya 5: Jenga jalada

Fungua jedwali lenye mstari mmoja kwa kazi moja: tarehe, jina la aliyefanya, cheo, kazi, saa, kiwango, jumla, na nambari ya pingamizi. Nambari ni muhimu kwa sababu kesi moja huzaa nyingi. Ya Boeing ilianza na B-311344 ikaendelea kwa nyongeza hadi .11, kila ripoti mpya ya Jeshi la Anga ikifungua hoja mpya. Mstari usio na nambari ya nyongeza utakusumbua katika hatua ya 6.

Adui mkubwa ni mstari wa rundo: "kusoma ripoti, simu na mteja, kupitia taarifa kwa wanahabari, kuandika majibu, saa 9.5". Ndani yake kuna kazi tatu za halali na moja isiyolipwa, na hakuna awezaye kuitoa moja bila kugusa nyingine. Ofisi itakataa saa zote 9.5 na GAO inaweza kuiunga mkono. Dawa yake ni kumwagiza wakili kabla ya kesi, si baada: kila kazi mstari wake. Kama mambo yameshaharibika, mwombe aketi na kumbukumbu zake za siku zile, barua pepe na rasimu zenye tarehe, agawanye saa na kutia sahihi maelezo ya alivyozigawanya.

Kosa la upande wa pili ni kufuta mno. Ankara za wakili zina siri za ushauri, na una haki ya kuziba baadhi ya maneno. Lakini mstari uliobaki "utafiti kuhusu ████" hauthibitishi chochote. Ziba ushauri, acha aina ya kazi na hoja iliyohusika.

Nyuma ya jedwali weka ankara zenyewe, ushahidi wa malipo au wa wajibu wa kulipa, mkataba na wakili unaoonyesha viwango, karatasi za mishahara kwa wafanyakazi wako pamoja na hesabu ya gharama za uendeshaji, risiti za safari, na mkataba na ankara za kila mtaalamu. Juu ya vyote weka hati ya uthibitisho iliyotiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka, ikisema kwamba saa zilitumika kweli, gharama ziliingiwa kweli, na zote zinahusu pingamizi husika. Asitie sahihi mtu ambaye hajalisoma jedwali. Dai la uongo dhidi ya serikali ya Marekani lina sheria yake yenye adhabu za fedha, na hati hii ndiyo itakayoshikwa kwanza.

Hatua ya 6: Jiandae kwa swali la hoja ulizoshindwa

Karibu kila mshindi ameshindwa mahali fulani. Katika uamuzi wa Boeing, GAO ilisema wazi kwamba inazikataa hoja zake nyingi. Afisa ununuzi atauliza: kwa nini nilipie hizo?

Jibu la kawaida la GAO linakupendelea. Anayeshinda hulipwa gharama za hoja zote, pamoja na zile zilizokataliwa, isipokuwa hoja iliyoshindwa inajitenga kiasi cha kuwa kama pingamizi jingine kabisa. Kinachotazamwa ni kama hoja zinatoka kwenye mambo yaleyale na nadharia za kisheria zinazoshikana. Mfano wa Boeing unasaidia kuona mpaka. Kosa la kuhesabu gharama za maisha ya ndege, kosa katika gharama za ujenzi wa viwanja na mahanga (majengo ya kuhifadhia ndege), na kukosa ushahidi kwamba ndege ya mpinzani ingeweza kujaza mafuta ndege zote zilizotakiwa, yote yanatoka kwenye tathmini moja ya kiufundi na bei. Hoja iliyoshindwa juu ya tathmini hiyohiyo ina udugu nayo. Lakini hoja kwamba afisa fulani alikuwa na mgongano wa maslahi, ikiwa na mashahidi wake na nyaraka zake, ingeweza kukatwa.

Kwa hiyo andika kurasa mbili au tatu zinazoonyesha undugu huo. Na kama moja iko peke yake waziwazi, iondoe mwenyewe na useme umeiondoa kwa saa ngapi. Ukiiacha, ofisi itaichukua kama kisingizio cha kukata asilimia ya jumla yote, na asilimia hiyo haitakuwa ndogo.

Hatua ya 7: Jadiliana, kisha rudi GAO ukikwama

Sheria inawataka nyote mjaribu kukubaliana juu ya kiasi, na ofisi itoe uamuzi wake mapema iwezekanavyo. Baada ya wiki tatu au nne uliza kwa maandishi ni mistari ipi wanayoipinga na kwa nini. Swali hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu GAO kwa kawaida haikati saa za wakili kwa malalamiko ya jumla ya aina ya "ni nyingi mno". Ofisi inatakiwa itaje saa mahususi na kutoa hoja juu yake. Ukiwa na barua yao isiyo na mstari hata mmoja, nusu ya kazi imekwisha.

Wakikataa, au wakinyamaza kupita kiasi, iombe GAO ipendekeze kiasi. Usiliache dai lilale: anayedai anatakiwa alifuatilie kwa bidii. Saa za kuandaa dai kwa ofisi usizitegemee, ila ukilazimika kwenda GAO, unaweza kuomba pia gharama za kulifuatilia dai mbele yake. Likisemwa mapema katika mazungumzo, jambo hilo huwafanya maofisa wapige hesabu upya. GAO ikishataja kiasi, ofisi ina siku 60 za kuieleza imefanya nini.

Hatua ya 8: Fedha zikiingia, mwambie mhasibu

Kwa kampuni yenye mikataba ya serikali inayolipwa kwa gharama halisi, kanuni za ununuzi zinakataza gharama za kupinga zabuni zisiingizwe kwenye gharama za uendeshaji zinazogawanywa kwa mikataba mingine. Dai hili ndilo mlango wa fedha hizo, na kile ambacho hakikurudi kinabaki hasara ya kampuni. Mhasibu afungue akaunti ya pekee siku pingamizi linapofunguliwa, aandike humo ada zote, pamoja na zile zilizozidi kikomo na hazikudaiwa. Mkaguzi wa serikali akipita miaka miwili baadaye, hizo zilizozidi kikomo ndizo atakazozitafuta kwanza.